Ongeza mara za kunyanyua kabla ya kuongeza chuma

Kwa mnaoanza kunyanyua, hasa kwenye jimu zetu za mtaani ambako vyuma vidogo havipo na ukitoka kilo 20 unarukia 30: msikimbilie uzito. Chukua unaoweza kunyanyua mara 8 kwa mkao safi, seti 3 (yaani raundi tatu za mara 8). Kila ukirudi, ongeza mnyanyuo mmoja tu, andika kwenye simu. Ukifikisha 12 seti zote tatu, ndipo upande uzito, kisha uanze tena na 8 (hata 6, wanaocheka waache wacheke). Misuli haisomi namba kwenye chuma, inachohitaji ni kazi inayozidi kidogo kidogo. Na kano (nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mifupa) hukomaa polepole kuliko misuli, ndiyo maana wanaoruka haraka huishia kulalamika viwiko na mabega. Mgongo ukianza kupinda mara ya 9, hiyo usiihesabu. Mbinu hii hukwama usipolala vya kutosha au usipokula: chipsi kavu za usiku hazijengi kitu. Ugali na maharage au dagaa, mayai mawili asubuhi, unga wa protini wa kopo wa bei mbaya huuhitaji bado.