Pengo la meno ya mbele: lisome kabla ya kuchukua vipimo

Jino la bandia likijitangaza, mara nyingi kosa lilianza kabla fundi hajashika nta ya kupangia meno. Mkalishe mgonjwa wima, umtazame akiongea na akicheka. Mdomo wa juu ukipanda hadi fizi zikaonekana, ukingo wa fizi ya bandia nao utaonekana. Mdomo ukiwa umebonyea penye pengo, mfupa umeliwa. Jino peke yake halitauinua mdomo, panahitajika fizi ya akriliki, yaani plastiki ngumu. Kama jino limeng'olewa karibuni, subiri wiki 6 hadi 8, la sivyo fizi itanywea na meno yatalegea.

Pima pengo kwa bikari, kisha jino pacha la upande wa pili. Pengo likiwa limebana, usichonge jino hadi liwe jembamba kama njiti: ukingo wake ufunike kidogo ule wa jirani yake.

Rangi ichaguliwe kwanza kabisa, maana kinywa kikikaa wazi meno hukauka na kuwa meupe zaidi. Futa rangi ya mdomo, msogeze mgonjwa dirishani, lowesha jino, linganisha na vipande vya sampuli za rangi kwa sekunde 5, kisha pumzisha macho kwenye kitambaa cha kijivu. Kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji mengi yana floraidi nyingi, meno jirani huwa na mabaka ya kahawia na chokaa. Hapo jino jeupe la dukani ni kosa. Piga picha jino na kipande cha rangi vikiwa pamoja, chora kahawia inapoanzia, umpelekee fundi aiweke ndani ya akriliki. Ikipakwa juu, mswaki utaiondoa. Mgonjwa akisisitiza jeupe, bandika moja kwa nta pengoni, mpe kioo, aamue sasa.

Meno yakiwa bado kwenye nta, mwambie aseme “fuvu, fedha, vifaa”. Ncha za juu ziguse kidogo mdomo wa chini, pale ubichi unapokutana na ukavu. Zikiuchoma, ni ndefu. Kisha “sitini na sita”: meno yakigongana, umeziachanisha taya kupita kiasi.

Jino moja lisilo na vishikizo vya waya hulegea na linaweza kumezwa au kuingia njia ya hewa, na akriliki ya kawaida haionekani kwenye eksrei. Weka vishikizo viwili, na mgonjwa alivue usiku.