Skopu ya bunduki ya upepo: jinsi ya kuchagua yenye nguvu ndogo na kuiseti ionyeshe vizuri

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaolenga shabaha na bunduki za upepo klabuni au uani, naona karibu kila anayetaka kununua skopu, yaani darubini ya kulengea, anaanza na swali "inavuta mara ngapi?" na mimi nasema hilo liwe swali la mwisho kabisa. La kwanza ni hili: kiwandani imesetiwa umbali gani?

Kwa nini? Skopu nyingi za bunduki za risasi zenye moto zimesetiwa yadi 100, kama mita 91 hivi, na we unapiga mita 10 mpaka 35 tu. Hapo ndo paralaksi inapoingia, yaani picha ya shabaha na ule msalaba wa kulengea havijakaa sehemu moja ndani ya skopu, kwa hiyo ukisogeza jicho kidogo unaona msalaba unatembea juu ya shabaha wakati bunduki haijatikisika kabisa. Piga hesabu: lenzi ya mbele ya milimita 32, skopu ya yadi 100, shabaha iko mita 10, jicho likikaa pembeni kabisa unaweza kukosea hadi milimita 14. Lenzi ikiwa 40 inafika 18. Kwa karatasi yenye duara dogo hiyo ni nje kabisa, na mtu analaumu mtutu bure! Tafuta iliyoandikwa ya bunduki za upepo, nyingi zinasetiwa kwenye yadi 30 na kitu, au yenye ringi ya kurekebisha umbali na iweze kushuka mpaka yadi 10.

Swali la pili, bunduki yako ni ya springi au ya kujazwa hewa? Ya springi usiidharau eti haina kishindo, ile pistoni ikiruka bunduki inarudi nyuma halafu ikigota mwisho inachomoka kwenda mbele, na skopu za kawaida zimejengwa kuvumilia mateke ya upande mmoja tu, hivyo lenzi za ndani zinalegea hata kama ni skopu ya bei kubwa. Hakikisha imeandikwa inafaa springi. Ya kujazwa hewa haina shida hiyo.

Sasa ndo nguvu. 4x32 maana yake inakuza mara 4 na lenzi ya mbele ni milimita 32, shabaha ya mita 24 unaiona kama iko mita 6, inatosha sana. Ukigawa 32 kwa 4 unapata 8, huo ndo upana wa mwanga unaofika jichoni kwa milimita, ni mpana kuliko mboni ya watu wengi hata gizani kwa hiyo jioni bado unaona na kichwa hakihitaji kukaa pale pale kila mara. Ukitaka ya kubadilisha ukuzaji, 2-7x32 (mara 2 hadi 7) ni nzuri. Mimi hizi 6-24 kwenye bunduki ya uani siziungi mkono, ni nzito na kila pigo la moyo linaonekana kama tetemeko.

Kufunga sitakaa sana. Bunduki nyingi za upepo zina reli ya milimita 11, nunua vishikio vya saizi hiyo, na kwa springi viwe na kile kipini cha kuzuia kuteleza nyuma. Skopu ikae kama sentimita 8 au 9 toka jichoni, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha.

Kufokasi kuna kazi mbili na watu wanazichanganya. Ringi ya nyuma, ya upande wa jicho, ni ya msalaba tu. Toa risasi kwanza, elekeza anga jeupe au ukuta mweupe (jua kamwe!), kama unavaa miwani ya kupigia ivae, angalia sekunde mbili halafu toa jicho, zungusha kidogo, angalia tena. Ukikodoa muda mrefu jicho linajirekebisha lenyewe na utadhani umepata kumbe bado. Msalaba ukiwa mweusi mkali papo hapo unapoangalia, funga ringi na usiiguse tena.

Kazi ya pili ni umbali. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, lenga shabaha ya mita 25, usiishike, sogeza kichwa juu chini, kushoto kulia. Msalaba ukitembea zungusha ringi ya mbele mpaka utulie, na uamini hicho unachoona kuliko namba zilizochorwa. Skopu isiyo na namba za umbali, hasa 4x32 za bei ya chini, mara nyingi ina ringi ya kufungia pale mbele: legeza, zungusha fremu ya lenzi robo kwa robo, kuitoa lenzi nje kunaleta umbali karibu, kisha kaza. Ila kama imejazwa gesi ya kuzuia ukungu fahamu unaweza kuipoteza, na garantii nayo inakwenda. Wapigaji wa HFT (Hunter Field Target, mashindano ya kulenga shabaha za umbali tofauti kwa bunduki za upepo) hawaruhusiwi kugusa skopu katikati ya mashindano, kwa hiyo wanachagua umbali mmoja wa katikati na kubaki nao.

Halafu ndo unapiga risasi tano mita 25, tafuta katikati ya matundu. Kliki moja ya kile kitasa cha juu cha skopu, ikiwa ya robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, moja ya sitini ya digrii), pale ni kama milimita 1.8, hivyo zikishuka sentimita 2 chini ya shabaha panda kliki 11, piga tano nyingine. Baada ya risasi mia za kwanza angalia skrubu za vishikio, kwenye springi huwa zinalegea.