Mtaa wenu haupo kwenye ramani? Uchore mwenyewe

Miaka ya 90 ramani ya mtandaoni ilikuwa kama tovuti zingine tu, mwenyewe kaiweka wewe unaangalia, kwenu kama hapajachorwa ndo basi tena. Mwaka 2004 Mwingereza mmoja, Steve Coast, akaanzisha OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaingia anachora, na huku kwetu tumeiona faida yake kabisa: Kibera, ule mtaa wa mabanda Nairobi, kwenye ramani palikuwa patupu mpaka 2009 vijana wa palepale walipozunguka na GPS, na Dar kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora kata zinazopigwa na mafuriko, ule mradi wa Ramani Huria.

Sasa fanya hivi. Ingia openstreetmap.org, jisajili kwa imeili, tafuta mtaa wenu, vuta karibu kisha bonyeza kitufe cha kuhariri. Itakuja picha ya setilaiti. Unachora vitu vitatu tu: nukta kwa kisima au duka la dawa, mstari kwa njia, eneo kwa nyumba au uwanja. Nyumba unagusa kona moja moja mpaka urudi ulipoanzia, halafu unachagua hiki ni kitu gani.

Njia ndo zinataka mwenyeji. Ukiangalia toka juu uchochoro na barabara vinafanana, wewe ndo unajua hapa bodaboda inapita ila bajaji inakwama, na masika lile daraja la mbao likifunikwa na maji watu wote wanazungukia msikitini. Setilaiti haiyaoni hayo! Kwa hiyo toka kwanza, tembea na daftari, ndo urudi kuchora. Jina weka lile watu wanaloita kila siku, konda akilitaja mtu anashuka.

Usinakili toka Google Maps, ni mali ya wenyewe na kazi yako itafutwa yote. Na majina ya wenye nyumba usiandike kabisa.

Ukimaliza hifadhi, eleza kifupi ulichobadili, dakika chache tu kinaonekana. Huna kompyuta? Pakua StreetComplete kwenye simu ya Android, inakuuliza maswali mepesi ukiwa njiani, barabara hii lami au vumbi, unajibu unaendelea na safari.

Hujui uanzie wapi, anza na zahanati na njia ya kufika pale, maana mwenye mgonjwa usiku wa manane hana wa kumuuliza.