Gia otomatiki ikiteleza: anzia kwenye dipstiki

Unapanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, unakanyaga mafuta, injini inanguruma hadi mizunguko 4,000, na gari halisongi. Hapo gia inateleza. Usilazimishe: klachi za ndani ya giaboksi zinasuguana bila kushika, na joto hilo linaweza kuzimaliza kabla hujafika juu. Egesha, acha ipoe. Na fundi asikwambie giaboksi imekufa kabla hajachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili.

Oili ya gia haipimwi kama ya injini. Endesha dakika 15 hivi ipate moto, simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kanyaga breki upitishe gia P, R, N, D, 2 na L, ukitua sekunde mbili tatu kila moja, kisha rudisha P. Chomoa dipstiki, ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena, usome alama za HOT. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Gari lisilo na dipstiki hupimwa kwa chini, kwenye nati ya kufurikia, kwa hiyo mwachie mwenye shimo au lifti.

Ikipungua, ongeza mililita 200 kwa mara moja kupitia bomba la dipstiki, upime upya. Ikizidi hutoa povu, hewa inaingia kwenye pampu, presha inashuka na gia inateleza vilevile. Kisha tafuta ilikoenda: sili za shafti, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), au mipira ya kwenda kwenye rejeta. Oili hii haipungui kwa kuungua kama ya injini: ikipungua, inavuja.

Usinunue "ATF yoyote" (ATF ni oili ya gia otomatiki). Toyota nyingi za gia nne za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutaka T-IV, zilizofuata WS. CVT, giaboksi ya mkanda na puli badala ya gia, ina oili yake kabisa, na ukiitilia ATF mkanda wake wa chuma utateleza kwenye puli. Soma kitabu cha gari.

Sasa dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia hafifu: bado kuna matumaini. Imekuwa waridi na nzito kama mala: maji ya rejeta yameingia, nayo hubandua bitana za klachi. Badilisha rejeta kwanza, na usiendeshe hata hadi mjini. Nyeusi yenye harufu ya kuungua: klachi zimekwisha, na lita nne za oili mpya hazitazirudisha. Weka hizo pesa za ovahoo.

Kama oili si mbaya, fungua sampu uibadilishe. Kwa Corolla ya gia nne ya miaka hiyo hutoka takriban lita 3 kati ya 7 hivi. Nyingine hubaki kwenye torki konvata, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Pima iliyotoka, urudishe kiasi hichohicho. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyong'aa si kawaida. Weka filta na gasketi mpya, na boliti za sampu zikazwe kidogokidogo kwa kupishana, maana nyuzi za alumini huliwa upesi. Kazi ya mashine ya kusukuma oili kwa nguvu tungeikataa kwenye giaboksi kuukuu: uchafu uliotulia huenda ukaziba valvu.

Ikiteleza gia zote, shuku presha: oili, filta, pampu. Ikiteleza gia moja tu, shuku klachi yake au solenoidi, yaani valvu ya umeme. Taa ya O/D OFF ikimetameta, kompyuta imeshahifadhi kosa, kwa hiyo gari lisomwe kwa mashine kabla ya kufungua chochote. P0750, kwa mfano, huelekeza kwenye solenoidi A, ambayo ni nafuu mno kuliko giaboksi.

Likikwama mlimani Sachangwan, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lisikokotwe kwa kamba. Injini ikizimwa pampu haizunguki, na giaboksi inakauka. Inua mbele, au lipakiwe.

Ukiamua kununua giaboksi iliyotumika, linganisha namba yake na iliyo kwenye kibati cha gari, pamoja na idadi ya plagi za nyaya, ubadilishe sili na filta ikiwa bado chini, na bomba za kupozea zisafishwe, la sivyo vyuma vya ile ya zamani vitaingia kwenye mpya. Torki konvata izamishwe hadi ishike meno ya pampu. Giaboksi ikikataa kugusana na injini kwa mkono, fundi asiivute kwa boliti, atavunja pampu.