Rangi kutoka ardhini: kuchora na familia kwa udongo wa Dodoma

Nyumba nyingi za Dodoma zina rangi za kuchorea uani, na wenyewe hawazihesabu kuwa rangi. Kuna udongo mwekundu unaogoma kutoka kwenye soksi za watoto, vumbi la mkaa chini ya gunia, maganda ya mayai kwenye ndoo ya taka. Anayesubiri wazo zuri limjie kwanza ndipo ashike brashi husubiri sana. Anzeni na mikono. Mtoto aliyeosha udongo wake mwenyewe, akausaga na kuuona ukigeuka rangi, hakosi cha kuchora, na bibi aliyekaa pembeni hakosi la kusema.

Kazi nzima inachukua siku tatu, Ijumaa jioni hadi Jumapili, lakini muda mwingi ni wa kusubiri tu. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa sababu hewa ni kavu na udongo ulioanikwa asubuhi hukauka kesho yake. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, unaweza kuchukua siku nne na bado ukabaki na unyevu ndani.

Kuokota udongo

Kila mtu atafute rangi yake. Kikombe kimoja cha chai kinatosha kwa kila rangi. Ondoeni kwanza tabaka la juu, kama sentimita 5, maana lina mizizi, kinyesi cha mbuzi na taka, kisha chukueni ulio chini yake. Fungeni kila udongo kwenye mfuko wake na kuandika mahali na tarehe siku hiyohiyo. Mkisema mtaandika kesho, kesho mifuko mitatu ya udongo mwekundu itafanana na hakuna atakayekumbuka upi ulitoka wapi.

Mwekundu ndio mwingi: kwenye kingo za barabara zilizokatwa, kwenye misingi ya nyumba inayochimbwa, kwenye vichuguu. Wekundu huo ni chuma kilichochanganyika na hewa, kutu ya ardhi kwa maneno mengine. Wa njano hupatikana zaidi palipowahi kutuama maji, na mara nyingi huonekana kama mstari mwembamba katikati ya tabaka nyingine. Udongo mweusi wa mbuga unadanganya: ukiwa mbichi ni mweusi tii, ukikauka ni kijivu. Chukueni kwa ajili ya kijivu hicho, ambacho ni kizuri sana kwa mawingu na punda, lakini weusi wa kweli tafuteni kwenye mkaa.

Pasipofaa kuchota ni karibu na gereji, kwenye jalala na mahali wachimbaji wadogo walipooshea dhahabu. Zebaki wanayotumia hubaki ardhini na haiondoki kwa kuosha. Msichimbe pia ukuta wa korongo. Huanguka bila taarifa, na kila kipande kinachotoka hurahisishia maji ya mvua ijayo kazi ya kuupanua. Wilaya ya Kondoa inalijua jambo hilo vizuri: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililokuwa limeharibika vibaya ili ardhi ipumzike. Korongo litazameni kwa mbali, mhesabu tabaka za rangi. Hilo peke yake ni somo la jioni nzima.

Kuosha na kusaga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua udongo, wanaupepeta, wanauchanganya na maji na kuchora. Picha ikikauka inakwaruza kama msasa, kisha inapukutika. Kosa ni mchanga uliobaki ndani. Chekecheo haliutoi wote. Maji huutoa.

Weka kikombe kimoja cha udongo kwenye ndoo ndogo, mimina vikombe vinne vya maji, vunja mabonge kwa vidole hadi yaishe. Koroga kwa nguvu, acha, hesabu hadi 30. Mchanga ni mzito, kwa hiyo umeshatua chini, na chembe laini zenye rangi bado zinaelea. Mimina maji hayo ya tope polepole kwenye chombo cha pili na simama mara tu unapoona mchanga unaanza kufuata. Rudia mara moja zaidi kwa maji mapya juu ya mchanga uleule. Acha chombo cha pili usiku kucha bila kukitikisa. Asubuhi maji yatakuwa yamejitenga juu. Yamwage taratibu na tope laini lililobaki chini limimine kwenye sahani pana, lianikwe.

Yasipojitenga, udongo wenu una mfinyanzi mwingi. Upeni siku nyingine nzima, au ongezeni chumvi, nusu kijiko cha chai kwa lita moja, zile chembe zishikane na kushuka. Mkitumia chumvi, suuzeni tope mara mbili kwa maji safi, la sivyo picha itatoka unga mweupe wa chumvi ikikauka.

Tope likikauka hupasuka vipande kama ardhi ya bwawa lililokauka. Watoto wanapenda sana kuvibandua. Kutoka kikombe kimoja usishangae kubaki na vijiko vitatu tu vya rangi. Udongo wa kichanga huacha kidogo zaidi ya hapo. Saga vipande hivyo kwenye jiwe la kusagia kama bibi bado analo, au kwa chupa ya kioo kwenye sahani bapa. Saga na matone ya maji, usisage kavu, kwa sababu vumbi lake si zuri kwa mapafu. Unajua umetosha pale ukisugua kati ya vidole viwili husikii chembe hata moja.

Mweusi: mkaa uliosagwa. Masizi ya sufuria ni laini zaidi lakini yanaelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika. Yapigeni kwanza na tone moja la sabuni ya maji. Mweupe: maganda ya mayai. Yachemsheni dakika 10, ondoeni ngozi ya ndani, kausheni, sageni. Chokaa ya kupaka nyumba ni nyeupe zaidi, lakini huunguza macho na ngozi, kwa hiyo tunashauri isiguswe na watoto kabisa.

Jambo la kuonyeshwa usiku: njano kuwa nyekundu

Kama mmepata udongo wa njano, tengeni nusu yake. Ukiwa mkavu kabisa, uwekeni kwenye kopo la bati la zamani juu ya jiko la mkaa, mtu mzima akoroge kwa kijiko cha chuma. Usiwe na unyevu, kwani mabonge yenye maji hupasuka na kuruka. Baada ya dakika 20 hadi 30 udongo utakuwa umekuwa wa kahawia iliyoiva, karibu na weusi, na watoto watasema umeungua. Uteremsheni, usubiriwe upoe. Kadiri unavyopoa ndivyo wekundu unavyojitokeza mbele ya macho yao, kuanzia kingoni mwa kopo kuelekea katikati. Kilichotokea ni kwamba udongo wa njano una maji yaliyofungwa ndani ya chuma chake; moto huyafukuza, na kinachobaki ni madini yaleyale ya udongo mwekundu. Usipobadilika, moto ulikuwa mdogo. Rudisheni jikoni na mkoroge hadi chini.

Kiungio

Udongo na maji havitoshi. Maji yakiondoka, udongo unarudi kuwa vumbi. Lazima kuwe na kitu cha kuushikiza.

Kiini cha yai ndicho chepesi kupata. Tenga kiini, kihamishe kutoka kiganja hadi kiganja huku ukifuta ute, kisha kitoboe na kukamua majimaji ya ndani, utupe kile kifuko chake. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji. Changanya sawa kwa sawa: kijiko kimoja cha kiini, kijiko kimoja cha rangi iliyosagwa na maji. Jaribu kwenye kipande cha boksi, subiri dakika chache, pitisha kidole. Kidole kikitoka na vumbi, ongeza kiini. Ikinata na kung'aa kama mafuta, kiini kimezidi, ongeza rangi. Rangi ya yai haikai; changanyeni ya siku hiyo tu. Ya jana inanuka.

Kwa rangi nyeupe yai halifai, maana linaigeuza njano. Tumieni gundi ya migunga, yale matone kama asali iliyogandamana yanayotoka kwenye gome. Loweka kipimo kimoja cha gundi kwenye vipimo viwili vya maji ya moto usiku kucha, chuja kwa kitambaa, changanya sawa kwa sawa na unga wa maganda. Picha ikikauka ikaanza kupasuka na kubanduka kama magamba, gundi ni nyingi mno. Punguza, kisha weka matone mawili ya asali kwa kijiko cha rangi ili iwe na ulaini. Asali ikizidi, sisimizi watakuja kuila picha.

Brashi na pa kuchorea

Kijiti kibichi cha kupigia mswaki, kikitafunwa ncha hadi kiwe nyuzi, ni brashi nzuri ya mistari mipana. Unyoya wa kuku unatoa mistari membamba kuliko brashi nyingi za dukani. Kwa maeneo makubwa, funga nyuzi za katani kwenye kijiti.

Chorea boksi la kahawia, upande usiong'aa. Karatasi laini ya kalenda haishiki rangi. Boksi hujikunja likilowa upande mmoja, kwa hiyo lipakeni kwanza pande zote mbili uji mwepesi sana wa unga wa ngano, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji, mpike hadi uwe na mng'ao, halafu liacheni likauke chini ya mzigo.

Trei ya mayai, au cha kuchora kinatoka wapi

Mayai mmeshatumia, msitupe trei. Ina mashimo 30. Iwekeni mezani au juu ya kabati, mahali kila mtu anapita, na kila siku mmoja wenu aweke kitu kimoja kidogo alichokiona: mbegu ya ubuyu, kipande cha chungu, ganda la konokono, uzi wa khanga iliyochanika, jiwe lenye mchirizi. Zamu iende kwa wote, baba na dada wa kazi wakiwemo. Pembeni pawe na daftari: namba ya shimo, tarehe, aliyeokota, mahali, na sentensi moja. Sentensi ndiyo yenye thamani. "Jiwe jekundu" haitusaidii. "Jiwe lililokuwa chini ya kata ya maji, upande mmoja umelowa" tayari ni picha.

Jumapili jioni chagueni kimoja katika saba vya wiki hiyo na kila mtu akichore kwa rangi zenu, kikubwa kuliko kilivyo, kijaze boksi zima. Tunasisitiza ukubwa kwa sababu mtu akichora mbegu ndogo kwa udogo wake anachora alama tu. Akiikuza analazimika kuitazama. Wakati huo ndio wa kumuuliza babu au bibi kitu kile kinaitwaje kwa lugha yao, kiwe Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na kilitumika kufanya nini. Andikeni neno jinsi linavyosikika, mtarekebisha baadaye.

Vitu vya kukataa: mayai na viota vya ndege, chochote kilicho hai, na mbegu za mnyonyo kama kuna mtoto mdogo nyumbani. Zina madoadoa mazuri, lakini zina sumu. Mbegu zote zianikwe juani siku mbili kabla ya kuingia kwenye trei, vinginevyo funza watatoka na kula mpaka trei yenyewe.

Ikifika siku ya 10 watoto watasema hakuna kipya uani. Hali hiyo ni ya kawaida. Badilisheni saa: atafutaye asubuhi atafute magharibi, au atafute kwa kuinama tu, umbali wa hatua tatu kutoka mlangoni.

Mkienda Kolo

Familia ikishachora kwa udongo mara mbili tatu, nauli ya Kolo italipa. Kijiji hicho kiko kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya Dodoma kwenda Babati, na ndiko mlango wa michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lote lina kilomita za mraba 2,336. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro mingi kwa mkono. Anzieni kwenye ofisi ya mambo ya kale pale kijijini, mlipe kiingilio na kupata mwongozaji. Msipande peke yenu, kwa sababu baadhi ya mapango wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko na kuomba mvua.

Waambieni watoto mapema: hakuna kugusa, na hakuna kumwagia maji ili rangi ionekane vizuri. Maji hufanya hivyo kwa dakika moja, kisha hubeba rangi yenyewe. Watazame wekundu ule, ambao ni chuma kilekile mlichosaga nyumbani, na mistari membamba iliyochora watu warefu mno wenye vichwa vya ajabu, na twiga na swala kati yao. Kila mmoja achague umbo moja na kulichora kwa penseli palepale, bila haraka, angalau robo saa. Udongo na mawe ya pale hayabebwi. Rangi changanyeni mkirudi, na boksi liwe kubwa.