Jinsi ya kuchagua kitongoji cha kuhamia mkiwa na watoto wadogo

Wengi wanaonijia kutaka ushauri wa kuhama katikati ya jiji huwa tayari wana picha za nyumba kwenye simu. Ua upo, vyumba vinatosha, na bei ni nafuu kuliko walikozoea. Jambo la kwanza ninalowaomba ni kuiweka simu hiyo kando. Nyumba hurekebishika: utapaka rangi, utaongeza chumba, utapanda miti. Umbali wa kazini haurekebishiki, wala barabara inayopita mbele ya lango, wala bonde lililo nyuma ya ukuta. Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu nyumba inakuja mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Andika siku moja ya kazi, saa kwa saa

Usiandike siku unayoitamani. Andika siku ya katikati ya wiki kama ilivyo: nani anaamka kwanza, nani anamvisha mtoto, nani anampeleka kwa mlezi au chekechea, nani anamchukua, nani anafika nyumbani wa mwisho. Kisha ongeza tukio moja: saa nne asubuhi mwalimu anapiga simu, mtoto ana homa. Nani anakwenda, na atafika baada ya muda gani?

Swali hilo peke yake hufuta nusu ya ramani. Wazazi wote wawili wakifanya kazi upande mmoja wa jiji na wakahamia kitongoji cha upande wa pili, hakuna aliye karibu na mtoto mchana kutwa. Kwa anayelea peke yake, au asiye na ndugu wa kumtuma, kigezo hiki ndicho cha kwanza, na vingine vyote vinafuata.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha safari kabla hujaona nyumba yoyote

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi alionyesha kwamba watu wa miji tofauti, kwa wastani, hutumia muda unaokaribiana safarini kila siku. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti akalieneza wazo hilo: ni kama saa moja kwa siku, kwenda na kurudi. Usafiri ukiwa wa kasi zaidi, watu hawabaki na muda wa ziada. Wanakwenda kuishi mbali zaidi.

Sasa piga hesabu yako. Ukitumia saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi, kwa siku 230 za kazi, ni saa 575 kwa mwaka. Hizo ni karibu siku 24 kamili, mchana na usiku, ukiwa kwenye kiti cha gari au umeshika bomba la basi. Ukitoka kazini saa kumi na moja jioni na kukawa na foleni ya nusu saa ya ziada, unafika saa moja kasorobo. Mtoto wa miaka mitatu akilala saa mbili, mmebakiwa na saa moja na robo, na humo kuna kula na kuoga.

Kuna wanaosema nyumba nzuri itafidia. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichambua takwimu za Ujerumani na kukuta kwamba wenye safari ndefu za kazini huridhika na maisha kidogo kuliko wenye safari fupi, ijapokuwa nadharia ingetegemea nafuu ya nyumba au mshahara iwafidie. Binafsi huwaambia wenye watoto walio chini ya umri wa shule wasivuke dakika 45 kwa upande mmoja, hata kama ni lazima ua uwe mdogo.

Unapopima kwenye programu ya ramani, weka saa ya kufika kazini, si saa uliyo nayo sasa hivi. Ikikupa dakika 40 hadi 75, panga maisha kwa 75. Na kabla hujasema umeokoa fedha za pango, toa gharama ya gari la pili na saa za ziada za mlezi. Gari la pili ndilo linalomeza akiba, na madalali hawalitaji kamwe.

Hatua ya 3: Soma barabara kwa macho ya mtoto

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami ndipo ninapokaa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya jiji la San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa mengi ila wingi wa magari. Waliokaa kwenye mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Ukihamia mahali usikojua mtu, hilo si jambo dogo.

Kasi nayo ina hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati karibu mara tatu ya gari hilohilo likienda 30. Kwa hiyo usisome kibao cha kasi tu, tazama magari yenyewe. Barabara pana iliyonyooka huwafanya madereva wakanyage mafuta hata kibao kikisema vingine.

Nenda wakati shule zinafungwa mchana. Simama kwenye kivuko kilicho karibu na nyumba unayoifikiria, halafu chuchumaa mpaka macho yako yafike urefu wa mtoto wa miaka mitano. Magari yaliyoegeshwa, ambayo ukisimama unaona juu yake, sasa ni ukuta. Dereva hakuoni, nawe humwoni mpaka uwe umeshaingia barabarani. Subiri hapohapo na uhesabu ni magari mangapi yanayosimama mtu anapotaka kuvuka.

Kisha sukuma kigari cha mtoto kutoka langoni hadi shuleni. Njia ya waenda kwa miguu ikikatika mita 100 kabla ya shule, mtoto huyo atapelekwa kwa gari hadi atakapokuwa mkubwa. Mpangaji miji wa Marekani Clarence Perry aliliona hilo mwaka 1929 alipopendekeza mitaa ipangwe kuizunguka shule ya msingi, nyumba zikiwa ndani ya robo maili hivi, kama mita 400, na barabara kuu zikipita kandokando. Vitongoji vingi havikujengwa hivyo, lakini bado ni kipimo kizuri cha kwenda nacho.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu maji, kelele na hewa

Ukiambiwa eneo lina mafuriko “ya mara moja kwa miaka 100”, maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kila mwaka unaanza upya. Kwa miaka 18 ya kumlea mtoto, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama 1 kwa 6. Kwa miaka 30 ya mkopo wa nyumba ni zaidi ya 1 kwa 4. Angalia alama za maji kwenye kuta za majirani, na vizingiti vilivyoinuliwa bila sababu ya wazi. Mwenyeji wa zamani atakujibu vizuri kuliko muuzaji.

Kuhusu kelele, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza kelele za barabarani zisizidi desibeli 45 usiku. Huna haja ya kifaa maalumu: nenda usiku, kaa nje ukiwa umezima gari, usikilize kwa dakika kumi. Ndege hubadili njia kulingana na upepo, kwa hiyo kama kuna uwanja jirani, utulivu wa siku moja haukuambii kitu. Hewa nenda kaipime kwa pua: viwanda, moshi wa taka, barabara kuu iliyo upande unaotoka upepo.

Hatua ya 5: Uliza nafasi, usiulize kama shule ipo

Shule kuwepo ni jambo moja, na mtoto wako kupata nafasi ni jingine. Piga simu uulize hivi: “Mnapokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwezi tunaohamia, na mnafunga saa ngapi?” Ikiwa wanafunga saa kumi na moja nawe unatoka kazini saa hiyohiyo, huduma hiyo haipo kwako.

Kitongoji kipya kina mtego wake. Nyumba zote hujazwa kwa wakati mmoja na familia za umri mmoja, kwa hiyo madarasa ya chini yanafurika kwanza, na msongamano huo unapanda darasa hadi darasa pamoja na mwanao. Uliza pia daktari wa usiku yuko wapi, na basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Wa miaka mitatu hapandi basi peke yake, lakini wa miaka kumi na minne atataka.

Hatua ya 6: Nenda wakati mbaya, uliza swali la pembeni

Jumapili mchana kila kitongoji kinapendeza. Nenda asubuhi ya siku ya kazi na ufanye safari yote hadi ofisini. Nenda mvua ikinyesha. Nenda saa tatu usiku. Mara moja nenda na watoto, na umwache mdogo kabisa aongoze njia hadi mahali pa kuchezea. Utajua haraka ni wapi anaweza kutembea na ni wapi inabidi abebwe.

Ukiwauliza wenyeji kama mtaa ni salama, watakujibu ndiyo, nani ataponda kwake? Uliza badala yake: “Watoto wenu walianza kwenda dukani peke yao wakiwa na miaka mingapi?” Ukijibiwa “saba”, umejua mengi. Wakiangaliana na kucheka, umejua zaidi.

Hatua ya 7: Kata kwanza, linganisha baadaye

Siwapendekezei watu jedwali la alama, lile la kupa kila kitongoji 7 hapa na 9 kule kisha kujumlisha. Kwenye karatasi, ua mkubwa hufidia safari ya saa moja na nusu. Kwenye maisha haufidii. Andika mambo matatu ambayo yakikosekana hamhami, na ufute kitongoji chochote kinachokosa hata moja. Vikibaki viwili au vitatu, hapo ndipo mnaweza kuchagua kwa kupenda, na hapo ndipo zile picha za nyumba zina kazi.

Ikiwezekana, pangeni kwanza kabla ya kununua, kwa mkataba unaopita msimu wa mvua na muhula mmoja wa shule. Na usitoe notisi kwenye nyumba ya sasa mpaka nafasi ya mtoto shuleni iwe imethibitishwa kwa maandishi, ikiwa na tarehe ya kuanza.