Kusoma taroti kwa miti na majani ya kwetu Tanga

Kama ushawahi kukaa kijiweni ukacheza karata basi kipande kikubwa cha hii kazi unacho tayari. Kopa, shupaza, uru, pau. Haya majina tumeyarithi kwa Wareno, na kwa Kireno kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni fimbo. Sasa fungua boksi la taroti, zile karata za picha ambazo watu wengi wanazitumia kutazamia, uhesabu makundi yake: vikombe, panga, sarafu za dhahabu, fimbo. Ni yale yale! Na zile karata 22 kubwa za taroti, za Jua, Mwezi, Kifo na wenzake, kazi yake ya asili ilikuwa turufu, maana watu wa kaskazini ya Italia karne ya 15 walikuwa wanazicheza tu kama mchezo, mambo ya kuzitazamia yakaja kushika Ufaransa karne ya 18. Kwa hiyo mi nasema turufu, nasema ree (karata ya moja) ya kopa, nasema uru saba, na ndo ntakavosema humu mpaka mwisho.

Kabla sijaendelea, niseme hili mapema. Mi sipigi ramli. Siulizi nani kaniroga wala kesho itakuwaje, natumia picha kumsaidia mtu aongee kitu ambacho kimemkaa moyoni na hajakipatia maneno. Kama imani yako haitaki hata hivyo basi acha, na kama uko nyumbani kwa watu na mama mwenye nyumba hapendi usizifungue barazani kwake.

Tatizo la kujifunza taroti ukiwa Tanga ni hili. Seti inayotumika zaidi duniani ilitoka London mwaka 1909, picha alichora mwanamama Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, na imejaa mimea: waridi jeupe, ngano, alizeti, zabibu, komamanga. Kile kitabu kinachokuja nayo kinakwambia zabibu ni neema. Sawa, mtu wa Dodoma labda atashtuka moyo akiziona, mimi sijawahi kuuhudumia mzabibu hata siku moja, nikimwambia mtu "hizi zabibu ni neema" nakuwa nimekariri tu na yeye anaitikia tu kwa heshima. Nikimwambia "huu ni mchungwa wa Muheza umebeba mpaka matawi yamewekewa miti ya kuegemea" anaelewa hapo hapo, na anajua pia kwamba mti ukibeba hivo tawi linaweza kukatika.

Kwa hiyo unaanzaje. Kama huna seti, picha za 1909 zinapatikana bure mtandaoni, unaprinti unagandisha kwenye manila. Au anza na karata za kawaida za dukani, 52, zinapungua nne tu kufika zile 56 ndogo za taroti (taroti ina watu wanne kwenye kila kundi, karata zetu zina watatu), halafu turufu 22 unazichora mwenyewe. Kuchora kwako vibaya hakuna shida, utazikumbuka kuliko za kununua.

Kisha chukua daftari utoke nje. Usianze na intaneti. Kila mmea utakaoweka kwenye karata uwe umeushika, umeunusa, umeuona asubuhi na umeuona kiangazi. Jiulize unakaa wapi, unataka nini ili uishi, unakupa nini, na unakunyima nini. Hilo la mwisho watu wanalisahau na ndo linalotoa usomaji wa kweli.

Kopa ni maji, mambo ya moyo. Ree ya kopa kwenye picha ni kikombe kinafurika, kwangu ni dafu lililokatwa sasa hivi, unalishika kwa mikono miwili na linakumwagikia kidevuni, na ukilinywa limeisha, haliwekwi mpaka kesho. Pau ni moto, ndo ari ya mtu kufanya kitu. Angalia vizuri zile fimbo kwenye picha, zote zina vijani vinachipua, na sisi tunaijua fimbo ya hivo, kata tawi la mlonge lichomeke kama nguzo ya uzio uone baada ya muda linavotoa majani wakati wewe ulitaka nguzo tu. Uru ni ardhi, riziki, mwili, humo naweka muhogo, michungwa, minazi.

Shupaza ndo ngumu kwa wengi kwa sababu ni akili na maneno, na nyingi zake zinauma. Mimi humo nimeweka vichungu vyote, mwarobaini, shubiri, na mchunga. Chukua shupaza tatu, ule moyo umechomwa panga tatu na mvua inanyesha. Wageni wakiiona wanaogopa. Mi namwambia mtu fikiria mchunga, ukiutafuna mbichi utatema, lakini nyumbani tunauchemsha, tunamwaga yale maji ya kwanza ya kijani, ndo tunautia tui la nazi, na hata hapo uchungu haujaisha wote, umebaki ule kidogo ambao ndo utamu wenyewe wa mchunga. Halafu namuuliza, wewe hayo maji ya kwanza ushayamwaga? Nimeona watu wazima wakinyamaza dakika nzima kwa hilo swali.

Turufu nitakaa nazo zaidi maana hapa mimea inasema kweli kweli. Komamanga liko kwenye karata mbili, limechorwa kwenye pazia nyuma ya Kuhani wa Kike na liko tena kwenye gauni la Malkia mwenye shamba la ngano. Ni tunda moja! Kuhani ni komamanga halijapasuliwa, ganda gumu, ukilitazama hujui ndani kuna nini, Malkia ni lile lililofunguliwa mbegu zote nje na vidole vyekundu. Wapenzi nimewapa kikuba, asumini na mlangilangi na rehani vimefungwa pamoja, kila kimoja na harufu yake na hakuna kinachomeza kingine, na kikuba lazima kifungwe upya kila mara, cha jana kishanyauka. Mwezi ni asumini peke yake, unaichuma jioni ikiwa bado imefumba, harufu inakuja usiku, ukingoja uione imefunguka ndo uichume umechelewa.

Ile karata ya Nguvu, mwanamke amemshika simba mdomo bila kutumia nguvu, ilinisumbua muda mrefu mpaka siku moja niko Sahare, pwani ya hapa Tanga, maji ya bahari yametoka nikalamba jani la mchu. Chumvi tupu. Huu mti unasimama kwenye tope na maji ya bahari, unavuta yale maji na chumvi yake, halafu chumvi unaitoa juu ya jani kama jasho, na mizizi mingine inachomoza juu ya tope kama vidole ipate hewa. Haupigani na bahari wala haukimbii. Tangu siku hiyo karata hiyo nikiipata sihitaji kitabu.

Mnara ni mnazi uliopigwa radi. Kwenye picha radi inaangusha taji la juu, na mnazi ukipigwa kilemba kinaondoka, gogo linabaki limesimama miaka, watu wanalizoea kabisa. Mtu Aliyening'inizwa, yule wa kichwa chini, ni mbuyu, mti tunaoambiwa Mungu aliupanda mizizi juu, wakati wa kupukutika ndo unaona kwa nini wazee walisema hivo.

Na Kifo. Hii ndo karata inayofanya watu wanyanyuke kwenye mkeka. Kwetu Tanga kifo cha karata ni mkonge. Mkonge hutoa ua mara moja tu maishani, miaka inapita majani yanakatwa yanakatwa, siku moja katikati unachomoza mlingoti unapanda juu kuliko nyumba, unachanua, kisha mmea mama unakufa. Lakini uangalie ule mlingoti kwa karibu, kwenye matawi yake utakuta vimche vidogo vimejaa, vina majani yake kamili, vinadondoka chini vinashika. Mkonge wenyewe ulifika huku 1893, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale ya njia ya Korogwe na Pangani hesabu yake inaanzia hapo. Karata ya Kifo ina jua linachomoza kule nyuma kati ya minara miwili, watu hawalioni kwa sababu ya yule mwenye mifupa juu ya farasi.

Kutandika karata mbele ya mtu, mi natandika tatu tu: mizizi, shina, tunda. Mizizi ni kilicho chini ambacho hukioni, shina ni ulipo sasa, tunda ni kinachotaka kutoka ukiendelea hivi hivi. Karata ikitoka kichwa chini usigeuze maana yake kinyume, ni mmea ule ule kwenye msimu mbaya, uulize umekosa nini, maji, jua, au mwenyewe.

Wifi yangu alikuja na swali la machungwa, auze yakiwa bado mtini kwa yule mnunuzi au asubiri. Mizizi ikatoka kopa tano, mtu kajifunika joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili viko nyuma yake vimesimama. Shina uru saba, mkulima kaegemea jembe anautazama mti wake. Tunda, mkonge, yaani ile Kifo. Sikusema kitu, nikamwachia atazame. Akaweka kidole kwenye ile uru saba akasema, "Wifi, hii michungwa aliipanda baba. Imezeeka." Bei hakuiuliza tena. Tukaongea mpaka magharibi kuhusu kung'oa na kupanda upya, kitu alichokuwa hawezi kukitamka tangu msiba. Michungwa gani aanze nayo aliamua mwenyewe, karata hazikusema na mi sikumwambia.

Kitu kimoja nakuomba sana. Mmea kwenye karata ni picha, siyo dawa. Mwarobaini ukitoka usimwambie mtu akachemshe anywe, mjamzito ndo kabisa, na kuna mimea ya uzio kama mnyaa ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Anayeumwa aende hospitali, na maswali ya ugonjwa na mimba mimi sitandiki hata nikibembelezwa.

Kutunza: hewa yetu ina unyevu na chumvi, karata zinashikana na kupinda. Mi nazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, naweka na kijifuko cha mchele mkavu kinachonyonya maji, na rehani iliyokaushwa kivulini. Rehani naibadilisha ikiacha kunukia.